Jembe ya Mama Mutuku: vile nilitafuta mpini wa mkono wa kushoto

Wakuu, heshima kwanza. Wa mjini, wa shambani, na wale mnaosoma tu bila kuandika kitu, wote nawaona.

Majuzi kuna mkuu aliuliza humu ndani anunue shoka gani na jembe gani. Amepata kashamba huko Kibwezi na hajui aanzie wapi. Watu wakamjibu vitu vya kushangaza. Mmoja ati "nunua yoyote, chuma ni chuma."

Nilicheka mpaka nikaweka simu juu ya mfuko wa simiti.

Nikasema hii si ya comment. Hii ni ya uzi mzima. Na yale nitaandika ni vile yalikuwa, kwa sababu mwenye hiyo jembe atasomewa, na nikiongeza hata neno moja nitalala bila kula.

Kwanza mnijue.

Mimi niko na hardware hapa Mukuyuni, Makueni. Sio kibanda cha misumari na kamba ya mbuzi. Hardware. Hata mtu wa Matiliku akikosa kitu huko kwao anaambiwa "jaribu yule jamaa wa Mukuyuni." Yule jamaa ni mimi.

Shule niliachia darasa la sita. Sikufukuzwa, ni njaa ilinitoa. Nikaanza kung'oa visiki vya watu, nikachimba vyoo, nikachimba visima, nikapasua kuni za mahoteli. Kila chuma iko kwa duka yangu leo nilikuwa nimeishika na mkono huu kabla sijaiuza. Kwa mambo ya kupasua na kuchimba, hata mtu wa diploma akija tukae chini, ataondoka akiwa ameandika kitu.

Basi jibu la haraka kwa yule mkuu.

Shoka: angalia nyuzi za mpini. Nyuzi zitembee na urefu wa mpini mpaka mwisho. Zikikata kwenda kando, huo mpini utavunjika siku utakutana na kisiki cha ukweli. Na usinunue mpini umepakwa rangi. Rangi inaficha fundo.

Jembe: itoe mpini, ining'inize kwa kidole, igonge na chuma kingine. Ikilia kama kengele ya kanisa, beba. Ikilia kama sufuria imepasuka, mrudishie mwenyewe.

Na ile tabia ya kuloweka jembe kwa ndoo ndio mpini ukaze, wacheni. Mti ukikauka unarudi nyuma, alafu jembe inaruka inatafuta mguu wa mtu.

Haya. Hiyo ni nusu ya maneno. Nilidhani ndiyo maneno yote, mpaka mwaka huu.

Nusu ingine nilifunzwa na mke wangu, Mama Mutuku.

Mama Mutuku ni wa Matinyani, huko Kitui. Nilimpata nikichimba kisima cha jirani yao. Aliletea vijana chai, akasimama hapo kwa mdomo wa shimo akaniangalia vile nashika sururu, akasema, "Wewe ukiendelea kushika hivyo, utazikwa ndani ya hicho kisima."

Hakusema pole na kazi. Alisema hivyo.

Nikajua huyu ndiye.

Tumezaa, tumejenga, tumezeeka kidogo. Duka ni yangu lakini shamba ni lake. Mimi nikiingia shambani ni kama mgeni, naonyeshwa mahali pa kukanyaga.

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, alikuwa anapepeta ndengu. Ungo ukaanguka. Nilikuwa hapo karibu, nikadhani ameteleza. Nikamwita, akanijibu na maneno ambayo si maneno.

Stroke.

Sitawapeleka hospitali, wengi wenu mnaijua hiyo barabara. Niseme tu Mungu alikuwa. Mguu wa kulia ulirudi. Mdomo ulirudi, umebaki umeenda kando kidogo akicheka. Maneno yalirudi, tena mengi kuliko yale ya kwanza.

Lakini mkono wa kulia ulirudi nusu.

Unashika kikombe kama hakijajaa. Haufinyi nguo. Haufungi kitufe. Yule mama wa physio alisema mkono usilazwe, utumike, lakini polepole, na pressure ipimwe kila siku. Tukafuata.

Sasa kwa wale si wa Ukambani, lazima niwaeleze mwethya, ama hamtaelewa.

Mwethya ni kina mama wa kijiji wakichimba pamoja. Leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Kwetu kazi kubwa ni mitaro ya fanya juu, ile unachimba na kurusha mchanga upande wa juu, ndio mvua ikija isibebe shamba ikapeleka baharini. Kila mama anakuja na jembe yake. Kila mama anapimiwa kipande chake.

Na hapa ndio kuna utamu. Ukichelewa na kipande chako, wale wamemaliza wanakuja kukusaidia, lakini wanakuja wakikuimba. Na hawakuimbi vizuri! Wanataja kwenu, wanataja bwana yako, wanataja vile unatembea. Mtu mgeni akipita atadhani kuna vita. Hakuna anayekasirika. Ukikasirika ndio unaimbwa mpaka jioni.

Mama Mutuku alikuwa haimbwi. Yeye ndiye alikuwa anaimba wengine. Kuna mama mmoja hapa aliwahi kuambiwa na yeye kwamba anachimba kama anayekuna mtoto mgongo. Mpaka leo watoto wa huyo mama wanajua hiyo wimbo.

Basi mwaka huu, akipata nguvu za kutembea, akaenda mwethya kwa jirani. Mara ya kwanza tangu augue. Alivaa vizuri, akafunga leso.

Alirudi mapema. Akakaa kwa ngazi ya mlango, akavua viatu na mkono wa kushoto.

Nikamuuliza, "Walikupokea aje?"

"Walinipokea vizuri."

"Kwani ulifanya nini huko?"

"Nilipewa kiti. Nikapewa chai kabla ya wengine. Mama Ndinda akanifunika na leso yake ati kuna upepo."

Mama Ndinda ndiye mwenyekiti wa kikundi, na ni rafiki yake wa siku nyingi.

Nikasema, "Si hiyo ni mapenzi?"

Akapanga viatu kando ya mlango. Alafu akasema, "Baba Mutuku, tangu asubuhi hakuna hata mmoja amenitusi."

"Sasa hiyo ni shida?"

Akaniangalia vile mimi huangalia mtu anayechagua jembe kwa rangi.

"Unatusi nani? Unatusi mtu mwenye yuko. Umewahi kusikia maiti ikitusiwa?"

Nikakaa kwa ngazi kando yake.

Mwethya ya kuja kwetu ilikuwa imepangwa kabla ya mvua ya Oktoba. Akaniambia hapo hapo kwa ngazi, "Siku hiyo nitachimba kipande changu kama watu. Nisipochimba, waambie wasikuje. Mtu akishazoea kiti, hatoki tena."

Mimi kama mwanaume mwenye uwezo nikamwambia wacha nikuletee digger, ile ya manjano, inachimba mtaro wote asubuhi moja, wewe unakunywa chai ukiangalia.

"Ilete," akasema. "Alafu uioe."

Nikaona basi. Kama ni jembe inatakiwa, mimi ndiye mfalme wa majembe. Nitamtafutia.

Ya kwanza nilichukua nyepesi, ile ndogo ya kupalilia sukuma wiki. Nilidhani nimemaliza. Mkono mgonjwa, jembe nyepesi, hesabu rahisi, sivyo?

Makosa. Wakuu, jembe nyepesi ni uongo. Jembe yenye uzito inafanya kazi ikianguka. Wewe unaiinua tu, ardhi inafanya mengine. Lakini nyepesi inakuomba nguvu wakati wa kushuka. Na mchanga wetu kabla ya mvua ni kama sahani ya chuma. Jembe iligonga ikaruka, ikamrudishia ile mshtuko yote kwa mkono. Nikaona vidole vyake vinatetemeka. Nikaichukua nikairudisha duka.

Ya pili nilileta fork jembe, ya meno. Hii iliingia vizuri, tukafurahi. Kutoka ndio ilikuwa kesi. Jembe ya meno lazima uipinde ndio itoke na mchanga, na kupinda kunataka mikono miwili yenye inasikizana. Akavuta, akavuta. Mwishowe akaiacha imesimama hapo shambani akaingia nyumbani. Ilikaa hapo mpaka jioni, kama mgeni amekosa wa kumkaribisha.

Ya tatu nilikata mpini ukawa mfupi, ndio asiinue juu sana. Aliinama, akachimba kidogo, akiinuka kizunguzungu kikamshika. Akanishika bega. Nilihisi uzito wake wote kwa bega langu na roho yangu ikaenda mbali sana.

Hiyo jembe niliirusha huko kwa ua. Sijui nani aliokota.

Nikamwambia, "Wacha tu, mama. Tafadhali. Wacha."

Akasema, "Wewe unaniletea majembe ya watu. Niletee yangu."

Jembe yake ilikuwa imening'inia jikoni tangu augue. Ni jembe ya zamani, chuma nene ya siku zile, imelika mpaka imebaki kama kiganja. Duka yangu yote imejaa mpya zinang'aa, na yeye hajawahi kutaka hata moja. Na hapa lazima niseme kitu cha kitaalamu. Jembe imelika inakuwa nyembamba mbele, na nyembamba inaingia ardhi ngumu kuliko pana. Uzito bado iko, lakini si wa kukuua.

Akaishika, mkono wa kushoto ukiwa mbele, ule wa kulia ukiwa huku mwisho unafuata tu.

Akainua. Ikashuka vizuri. Ikifika chini ikakimbia kando, mpini ukajipinda ukamchapa kidole gumba.

Akajaribu tena. Ikakimbia tena.

Mara ya mwisho hakuinua. Aliiweka chini polepole, akakaa juu ya ukingo wa mtaro wa zamani, akaanza kulia.

Wakuu, huyu mama sikuwa nimewahi kumwona akilia hivyo. Hospitali hakulia. Akijifunza kutembea hakulia. Alilia hapo kwa ajili ya jembe, na hakuwa analilia jembe.

Nikakaa kando yake. Sijui kushika mtu anayelia, hatukufunzwa. Nikachukua ile jembe nikaiweka kwa magoti nikaanza kuiangalia, ndio nisimwangalie yeye.

Na nikiiangalia hivyo, nikaona.

Ile jembe haikuwa imelika sawa. Kona ya upande mmoja ilikuwa imekwisha kabisa, imekuwa mviringo. Kona ya upande ule mwingine ilikuwa bado ndefu na kali. Nimeuza majembe na kunoa majembe ya watu miaka yote hii na sijawahi kusimama kufikiria hiyo kitu.

Mtu wa mkono wa kulia anachimba akitokea upande wake. Kona ileile inagonga kwanza, kila siku, kila msimu. Chuma inaisha hapo. Ndio maana jembe ya mtu ukiiazima unaona inakusumbua. Sasa yeye amegeuza mikono, ile kona ndefu ndiyo inafika kwanza chini, inashika, inapindua jembe yote.

Nikamwambia, "Mama Mutuku."

Akafuta pua na leso.

"Hii jembe haijakukataa. Angalia hapa. Bado inatafuta mkono wako wa kulia."

Akaishika. Akapitisha kidole gumba kwa ile kona imeisha, polepole, kwenda na kurudi. Pale kwa kidole chake kulikuwa na mitaro yote ya kijiji hiki.

Alafu akasema, "Basi iambie nimehamia kushoto."

Hapo ndio nilirudi kuwa mimi.

Jioni baada ya jioni nikifunga duka nilikuwa nakaa na ile jembe na tupa. Kuna vijana wanapenda kunoa na grinder, cheche zinaruka, wanaonekana wanaume. Wakuu, grinder inapika chuma. Ukiona makali yamegeuka rangi ya samawati, umeua jembe, imekuwa laini kama bati. Tumia tupa. Sukuma mbele, usirudishe ikiwa imekanyaga. Kazi ya tupa haina haraka.

Nikala ile kona ndefu kidogo kidogo, nikaipa mviringo. Yeye amesimama nyuma yangu kama askari.

"Usimalize jembe yangu."

"Sijamaliza."

"Naona unamenya. Hiyo ni jembe, sio muhogo."

Mpini nao ulikuwa shida ingine. Ile mipini naletewa dukani ni ya mashine, mviringo kama fimbo ya bendera. Mkono wenye hausikii vizuri ukishika kitu cha mviringo haujui jembe inaangalia wapi. Alitaka mti wa mulawa, ule mgumu wa porini wenye wazee walikuwa wanachonga pinde. Na hakutaka wa hapa. Alitaka wa kwao.

Nikaenda mpaka Matinyani. Shemeji yangu Kilonzo, kaka yake, akanikuta kwa lango na maneno tayari.

"Tajiri wa Makueni! Duka imeisha mipini?"

"Duka imejaa."

"Sasa unakuja kukanyaga miiba yangu kwa nini? Ama huko kwenu miti ilikwisha mkichoma makaa?"

"Mimi makaa? Nani alikuwa anauza makaa hapa Kitui mpaka ng'ombe wakawa weusi?"

Tukacheka. Alafu nikamwambia ni ya dada yako. Ni ya mkono wa kushoto.

Kilonzo aliwacha kucheka. Akachukua panga bila kuingia hata nyumbani. Tulizunguka hiyo kichaka yake tukibishana mti baada ya mti. Huu umepinda sana. Huu una fundo. Huu bado mtoto. Mwishowe nikaona mmoja, mimi ndiye niliuona, andikeni hivyo, umenyooka na una kaupinde kadogo tu karibu na mwisho. Akaukata yeye mwenyewe. Alikataa niushike mpaka stage ya matatu.

Mti mbichi usiukaushe kwa jua, utapasuka kichwa. Tuliuweka jikoni juu, mahali moshi unapita, mpaka ukakauka wenyewe. Alafu nikachonga na panga, nikamalizia kwa kukwangua na kipande cha chupa mpaka ukawa laini.

Sikuufanya mviringo. Niliufanya kama yai, umelala kidogo, ndio kiganja kijue mbele ni wapi bila kuuliza macho. Na huku mwisho nikaacha kakichwa kanene, ndio ule mkono wa kulia usiteleze ukatoka. Ule mkono haukuwa na kazi ya nguvu. Kazi yake ni kuongoza tu, kama mzee kwa harusi.

Kupima ndio kulichukua muda. Nilikuwa nachukua mkono wake wa kulia, naweka kwa mpini, alafu nakunja vidole vyake kimoja kimoja. Nakwangua kidogo. Naweka tena. Nakunja tena.

"Hapo?"

"Bado. Hapo panauma kidole kidogo."

"Hapo sasa?"

"Toa nywele moja."

Sisi watu wa rika yetu hatushikani mikono. Utaonekana aje? Kwa miaka yote ya ndoa sidhani nimeshika mkono wa huyu mama muda mrefu hivyo. Kuna siku tulimaliza kupima na hakuna mtu alitoa mkono wake. Kuku wakapita, tukawaangalia wakipita.

Haya, tuendelee, msinicheke.

Alianza mazoezi nyuma ya jikoni, asubuhi, watu wakiwa bado hawajaanza kupita barabarani. Kwanza tunapima pressure. Ikiwa juu, hakuna jembe, hata akinuna. Ikiwa sawa, anaenda. Mimi niko bafuni naoga nasikia jembe ikigonga chini. Tu. Kimya kirefu. Tu. Kimya. Nilikuwa nasimama na sabuni kwa macho nikingoja ile ingine.

Siku zikienda, kimya kikawa kifupi.

Siku ya mwethya ikafika. Nilifunga duka, kitu sifanyi hata mtu wa ushuru akija. Kina mama wakaingia na majembe kwa bega, na mmoja wao amebeba kiti cha plastiki kwa kichwa. Kimewekwa mto tayari! Kilikuwa cha kanisa.

Mama Ndinda akakiweka chini ya kivuli. "Kaa hapa mama, utatuangalia."

Mama Mutuku akasema asante. Akaweka leso yake juu ya kiti, vizuri kabisa, kama mtu anaweka nguo kwa kamba. Alafu akaenda akachukua jembe, akasimama kwa mstari.

Walipima vipande, wakampimia na yeye. Niliona Mama Ndinda akijaribu kumkatia kidogo, na Mama Mutuku akasukuma ile alama ya kijiti na mguu, ikarudi mahali yake.

Mimi nilikuwa huko kando nanoa majembe ya watu na tupa. Ati nanoa. Nilikuwa nanoa jembe moja tu asubuhi yote.

Wakaanza. Jembe yake ikashuka, ikaingia, haikukimbia. Akavuta, mchanga ukaja. Akaurusha juu. Kidogo, lakini juu. Tena. Anapumzika, anaegemea ule mpini, anaanza tena.

Wengine walienda mbele kama tinga. Wakamaliza, mmoja mmoja. Yeye alikuwa amefika karibu nusu.

Na wakaja kumsaidia. Polepole. Bila wimbo. Wanatembea kama watu wanaingia kwa matanga. Mama Ndinda akainama karibu naye, akasema na sauti ya chini, "Pole mama, wacha nikumalizie."

Nikajua imeisha. Angemaliziwa hivyo, kwa upole, angeenda akakae kwa kile kiti na hangetoka tena.

Mama Mutuku akasimamisha jembe. Anahema. Jasho linatoka. Akamwangalia rafiki yake.

"Ndinda, ulimi wako umeenda wapi? Stroke ilinishika mimi ama ilikushika wewe?"



Mama Ndinda akainamisha kichwa. Nikadhani atalia, na wengine walishaanza kushika leso. Alafu akajinyoosha, akaweka mkono kiunoni, akapaza sauti mpaka barabarani.

"Nyinyi watu wa Matinyani! Unachimba ama unatafuta sindano umepoteza?"

Nilisimama. Sijui nilikuwa naenda kufanya nini na hiyo tupa, lakini nilisimama. Mama mmoja akanikemea bila hata kugeuka, "Wewe wa hardware, kaa chini. Hii si yako."

Nikakaa.

Na mwingine akadakia, ati bwana anauza majembe na bibi anachimba na kijiko! Mwingine ati huyo bwana ndiye kijiko! Na hapo wimbo ukapasuka, makofi, vigelegele, wakaingia kwa kipande chake kutoka upande ule mwingine wakimtukana yeye, wakatukana Kitui yote, wakanitukana mimi na tumbo langu.

Na yeye akijibu! Anachimba, anajibu, anachimba. Alimwambia Mama Ndinda kijiko cha Matinyani ndicho kilimlisha wakati wa njaa, na bado hajakirudisha. Anacheka na ule mdomo umeenda kando. Wakuu, sijawahi kuona mdomo mzuri hivyo.

Walikutana katikati mpaka majembe yakagongana. Pigo la mwisho walimwachia yeye. Akainua, ikaanguka.

Kile kiti alikalia nani? Mimi.

Jioni nilimpima pressure, ilikuwa sawa. Amechoka, ananyoosha mguu, nikamwekea maji ya moto. Nikamuuliza anahisi aje.

"Ndinda amezeeka," akasema. "Matusi yake haina chumvi siku hizi. Nitamfunza."

Sasa somo, kwa yule mkuu wa Kibwezi na wengine.

Chombo hakichaguliwi dukani peke yake. Nasema hivyo na mimi ndio mwenye duka. Kabla uulize jembe gani ni nzuri, uliza ni ya mkono gani, na huo mkono umepitia nini. Angalia vile mtu anasimama, anashika wapi, anachoka wapi kwanza. Alafu ukate mpini. Mzee akikuambia jembe yake ya zamani ndiyo anataka, usiitupe umletee mpya ukidhani umemheshimu. Igeuze kwa jua kwanza uione.

Na kama uko na mgonjwa nyumbani, mpe kiti, ni sawa. Lakini usimpe kiti peke yake.

Leo nimeandika hii nikiwa nyumbani na kuku. Mwenye jembe ameenda mwethya kwa Mama Ndinda tangu asubuhi, na ameniachia maagizo.

Kwa hivyo nawaomba, wakuu wa kila mahali, Kisii, Taita, Bungoma, hata nyinyi wa ng'ambo ya mpaka. Kwenu mtu akichelewa na kipande chake shambani, anaimbiwa nini? Andikeni hapo chini, hata kama ni kali, msione haya.

Nitamsomea akirudi. Anatafuta matusi mapya.